Hesabu ya Katito

Mpwa wangu huandika programu za kompyuta. Mwajiri wake wa Nairobi amemkubalia kufanyia kazi nyumbani Katito, kwa sharti kwamba mshahara upunguzwe, kwa kuwa huku maisha ni nafuu. Akaniletea daftari tupige hesabu.

Safu ya Nairobi ilijaa upesi: kodi, dipositi, nauli ya matatu inayopanda mvua ikinyesha. Safu ya Katito ilikuwa na mistari michache. Mchele unatoka Ahero, hapo jirani, na kwenye mstari wa nyumba aliandika “bure”.

Tulipoikalia, safu hiyo nayo ikarefuka. Stima hupotea, kwa hiyo anahitaji betri ya ruta na laputopu. Laini moja ya intaneti haitoshi. Lazima anunue bando za laini ya pili. Kuonana na wenzake wa fani ni nauli hadi Kisumu. Tena akiwa huku, hawezi kutuma mchango wa matanga kwa M-Pesa kisha akaendelea na kazi. Atachanga, ataenda, atabeba viti. Hilo mimi silihesabu kuwa hasara, ila muda nao una bei. Makato hayaulizi unakaa wapi: SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 hukatwa Katito kama Kilimani, Nairobi.

Duniani kampuni za programu hazijaafikiana kuhusu mishahara ya wanaofanyia kazi mbali. GitLab huzingatia anakoishi mfanyakazi inapopanga mshahara. 37signals hulipa viwango vya San Francisco popote alipo mtu. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili. Mteja hapunguziwi bei eti programu imeandikwa huku kwetu Nyakach.

Na unafuu wenyewe umetoka wapi? Simba, yaani nyumba ya kijana anamolala mpwa wangu, imejengwa bomani kwa baba yake, na mabati yake yalinunuliwa na dada yangu kwa pesa za kuuza mchele, msimu baada ya msimu. Mshahara ukipunguzwa kwa sababu ya nyumba hiyo, jasho la dada yangu litakuwa linaijazia kampuni mfuko.

Nikamwambia, “Mwanangu, futa hilo neno ‘bure’.” Akalifuta, akampigia mama yake simu kumuuliza mabati, mbao, saruji na fundi viligharimu pesa ngapi, akaanza kuandika.