Chumbe: Bustani Iliyo Chini ya Maji

Je, dada msomaji, umewahi kujiuliza samaki unayemnunua sokoni alikulia wapi? Pono, chewa na hata pweza hutegemea sana miamba ya matumbawe kwa chakula na maficho. Mahali pazuri pa kuiona miamba hiyo ni Chumbe, kisiwa kidogo kilichoko kusini mwa mji wa Zanzibar, mwendo wa chini ya saa moja kwa boti.

Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya kale ulioota msitu juu yake. Mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 ungali umesimama, na karibu nao upo msikiti mdogo wa watunza taa wa zamani. Nyumba za wageni ni saba tu. Mapaa yake hukinga maji ya mvua, umeme hutokana na jua, na vyoo havitumii maji. Mama aliyezoea kupanga ndoo chini ya paa mvua inaponyesha hatashangaa sana. Giza likiingia, kaa wa nazi hutoka mapangoni. Huyu ndiye kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu.

Hata hivyo, uzuri mkubwa wa Chumbe umo majini. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutenga mwamba wa upande wa magharibi uwe hifadhi. Hapo hakuna kuvua wala kutia nanga. Baadhi ya walinzi wake walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu, na watoto wa shule huletwa kujifunza. Ukivaa miwani ya kuogelea na kuinamisha uso majini, utaona matumbawe yaliyoumbika kama kabichi, mengine kama pembe za paa, mengine kama meza ya duara. Wataalamu wamehesabu aina 200 hivi za matumbawe na zaidi ya aina 400 za samaki.

Wengi wetu hudhani tumbawe ni jiwe. La hasha! Ni kundi la wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi vimwani visivyoonekana kwa macho. Vimwani hivyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwagawia wenyeji wao, nao wenyeji huvipa makao. Rangi nyingi tunazozisifu hutokana na vimwani hivyo.

Sasa fikiri juu ya mtoto mwenye homa. Mwili ukipanda kutoka nyuzi 37 hadi 38, mama huanza kuhangaika. Matumbawe nayo ni vivyo hivyo. Bahari ikizidi joto lake la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi 1 tu, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, ule ushirika huvunjika. Vimwani hutolewa nje na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Huko ndiko kupauka. Tumbawe lililopauka halijafa bado, lina njaa. Maji yakipoa mapema, vimwani hurudi nalo hupona. Yakichelewa kupoa, hufa.

Mwaka 1998 homa hiyo iliipata Bahari ya Hindi yote. Matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yalikufa, na ulimwenguni kote inakadiriwa kwamba asilimia 16 ya matumbawe iliangamia. Mwaka uliofuata wanasayansi waliunda mpango wa CORDIO ili kuchunguza madhara hayo. Tawi lake la Afrika Mashariki liko Mombasa. Joto lilirudi mwaka 2016, na Chumbe haikusalimika. Kisha Aprili 2024 wataalamu walitangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionya kwamba miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi imo katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Yaani katika maisha ya watoto wetu.

Chanzo kikubwa ni moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na sehemu kubwa yake imetoka katika nchi tajiri za mbali. Ukuta wa hifadhi hauwezi kuzuia maji ya moto. Basi kuna faida gani kulinda? Faida ipo. Mgonjwa aliyelishwa vizuri hupona upesi kuliko aliyekonda. Mwamba usiopigwa baruti wala kukokotwa juya una samaki wanaokula mwani unaotanda juu ya matumbawe yaliyokufa, na hivyo matumbawe machanga hupata mahali pa kushika.

Nasi akina mama tuna sehemu yetu. Tusinunue matumbawe wala makombe ya kupambia sebule. Tusikubali samaki wachanga wasiofikia hata kiganja. Tuwafundishe watoto wasikanyage matumbawe maji yanapokupwa. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na wazee waliozijenga walijua vema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa baharini, ukishabomoka, hakuna fundi wa kuujenga upesi.