Kopo la sarafu za marhum babu



Ndugu wasomaji, mirathi ikitajwa watu hufikiria shamba, nyumba na ng'ombe. Mimi nataka kuzungumzia kopo la maziwa ya unga. Babu yetu, Allah amrehemu, alikuwa mchuuzi wa kahawa Mbale, na baada ya madeni yake kulipwa tulikuta kopo hilo lina sarafu 64 za kale. Warithi ni bibi na shangazi walioko Mbale, baba yangu aliyeko Jinja, na ami aliyeko Muscat. Mfanyabiashara mmoja alitaka kulinunua kopo zima kwa kilo, kama chuma chakavu. Shangazi naye alikwisha kata ndimu na kuandaa majivu azisugue zing'ae.

Nilimwambia, "Shangazi, nakuomba usiziguse kwanza." Sarafu iliyosuguliwa hupoteza ngozi yake ya juu, na mkusanyaji akiitazama kwa kioo huona mikwaruzo hata kama macho yetu hayaioni. Bei huanguka na hakuna dawa ya kuirudisha. Ule weusi wa uzee uacheni ulivyo.

Nyingi zilikuwa shilingi za Afrika Mashariki, zile za simba na milima, zilizoanza mwaka 1921. Hadi 1946 robo yake ilikuwa fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu. Shilingi moja ina uzito wa takriban gramu 7.8, basi fedha iliyomo haifiki hata gramu 2. Anayeuza kwa uzito hupata kidogo mno. Thamani iko katika mwaka, herufi ndogo ya kiwanda (H ni Heaton wa Birmingham, SA ni Pretoria), na zaidi ya yote katika hali ya sarafu yenyewe.

Wataalamu hupima hali hiyo kwa namba 1 hadi 70, kipimo alichokianzisha Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa senti za kale za kwao. Sisi tulitosheka na madaraja manne: iliyochakaa, ya wastani, nzuri, na isiyotumika. Tuliazima kioo cha fundi saa hapa Jinja, tukatazama kwanza sehemu zilizoinuka, maana ndizo huanza kulika: taji na nyusi za Mfalme George wa Tano, kisha kichwa na mwili wa simba. Halafu igeuzegeuze sarafu taratibu chini ya taa. Isiyotumika mng'ao wake huzunguka kama miale. Iliyotumika huwa na mabaka yaliyofifia pale juu. Ishike kwa ukingo, chini pawe na kitambaa laini.

Tulikuta pia senti 10 za 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu Desemba mwaka huo huo. Watu husikia habari hiyo wakadhani wamepata hazina. La, zilitengenezwa nyingi na bei yake ni ndogo. Bei tuliziangalia katika minada iliyokwisha kufanyika, si zile zinazoombwa na wauzaji, kwani kuomba kila mtu anaweza.

Sasa picha. Ami hawezi kuzishika akiwa Muscat, kwa hiyo picha ndiyo macho yake. Tulikaa karibu na dirisha asubuhi, jua lisipige moja kwa moja, taa ya simu imezimwa. Chini tuliweka karatasi ya kijivu, kwa sababu nyeupe huifanya kamera itie giza sarafu. Simu ililazwa juu ya mafungu mawili ya vitabu, mbali kidogo ili kivuli chake kisiangukie kitu, na tukatumia saa ya sekunde 2 ili mkono usitikise. Kila sarafu ilipigwa pande zote mbili, rula ikiwa kando, na mara moja zaidi ikiwa imeinamishwa.

Hiyo ya kuinamisha ndiyo iliyoleta maneno. Shilingi yetu bora, ya 1922, ina mkwaruzo nyuma ya shingo ya mfalme. Mwanga ukitoka kushoto hauonekani kabisa. Ndugu mmoja akasema tupeleke picha ya kushoto tu. Bibi akauliza, "Na huyo atakayeipokea, ataiangalia kwa mwanga wa upande gani?" Mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kurudisha mali, na ami akiichukua kwa bei ya sarafu safi atakuwa amepunjwa fungu lake. Zikaenda picha zote mbili, mkwaruzo ukaandikwa.

Hesabu ilikuja mafungu 40: bibi 5, yaani thumuni yake; baba 14, ami 14, shangazi 7. (Vijana, mnajua kwamba senti 50 ya zamani iliitwa sumuni kutokana na neno hilohilo la sehemu ya nane?) Ami aliichukua ile ya 1922 kwa bei iliyopunguzwa. Bibi akachagua senti 10 zote zenye tundu, akisema alipokuwa msichana alizifunga kwenye uzi kiunoni alipotumwa sokoni. Hazikutosha thumuni yake, kwa hiyo baba alimwongezea kilichobaki kwa pesa taslimu.

Wabillahi tawfiq.