Steji Moja Kabla

Baba alipokatwa mguu kwa sababu ya kisukari, nililipia jimu wiki hiyohiyo. Nilienda mara tatu, mwili ukauma, nikaacha.

Baadaye nikaanza na kijiko. Chai yangu ilikuwa na sukari vijiko vinne. Nikatoa kimoja, nikakaa hivyo mwezi mzima ndio nikatoa kingine. Halafu nikawa nashuka mat steji moja kabla, natembea Jogoo Road hadi kwangu. Nilimwambia Baba pekee.

Juzi maji yalipotea kwa ploti. Nikapandisha mtungi wa lita 20 mpaka ghorofa ya nne, kisha nikampigia.

“Ulipumzika wapi?”

“Sikupumzika, Baba.”

Akanyamaza kidogo.

“Na mimi nimebaki na kijiko kimoja,” akasema.