Mtandao wa nyumba si bando



Wengi wetu tunafikiri mtandao ni bando. Bando ikiisha, kompyuta inafungwa. Lakini kompyuta mbili zikiongea ndani ya nyumba moja, huo tayari ni mtandao, hata kama hujalipa ngwee moja kwa kampuni ya simu.

Kwetu tuko na kompyuta tatu: moja mpya kidogo yenye Windows 10, na mbili za zamani zenye Windows XP. Rauta ni ya mtumba, tuliinunua Kashikishi. Haina laini yoyote. Nyuma imeandikwa volti 12, kwa hiyo inakula umeme wa betri ya sola kupitia kontrola. Ukiiwasha, inagawia kila kompyuta anwani inayoanza na 192.168. Anwani hizo zilitengwa tangu 1994 kwa mitandao ya ndani tu. Dunia nzima inazitumia, lakini hazitoki nje ya nyumba.

Shida ilianza pale XP ilipotaka kufungua mafaili ya Windows 10. Ikagoma. Tukabadilisha waya, ikagoma tena. Kumbe XP inajua lugha moja tu ya kugawana mafaili, ile ya kale inayoitwa SMB1, na tangu mwisho wa 2017 Windows 10 inakuja ikiwa imeizima. Sababu iko. Mwezi wa tano mwaka huo kirusi cha WannaCry kilipita kwenye udhaifu wa SMB1, kikafunga mpaka kompyuta za hospitali Uingereza.

Wengine watakuambia: washa SMB1 kwenye ile mpya, kazi iishe. Sisi tulikataa. Ni kama kung'oa mlango juu mzee mmoja wa nyumba hajui kutumia ufunguo. Afadhali umpe mzee ufunguo mpya. Tukaamua kufuta XP na kuweka antiX, Linux nyepesi ya bure ambayo mashine za zamani zinaiweza.

Sasa kabla ya kufuta, tuliangalia kama kuna kitu cha kuokoa. Kwenye moja tukakuta orodha ya watu: majina, idadi ya watoto, na maelezo ya matatizo yao. Kompyuta ilikuwa msaada. Ilitoka wapi, sitasema. Tulifunga faili, tukamwita kiongozi wetu, na disko ikafutwa yeye akiwa amesimama hapo.

Hapo ndipo neno "binafsi" lilituingia. Mtu aliyekimbia Pweto au Moba, jina lake ni usalama wake. Kwa hiyo kanuni zetu ni tatu. Rauta iko na neno la siri refu, na halibandikwi ukutani. Tunagawana folda ya masomo peke yake, kamwe si disko nzima. Na karatasi za mtu, picha za vitambulisho au barua za ofisi, zikishapigwa chapa zinafutwa.

Leo kompyuta mpya ndiyo inabeba mzigo. Ndani yake kuna Kiwix, inayofungua Wikipedia bila intaneti, na Kolibri yenye masomo. Tulivipakua mara moja tu. Zile mbili za zamani zinaandika anwani ya mpya kwenye brauza, na masomo yanafunguka. Wa Grade 12 anasoma hesabu huku, mdogo wake anasoma Kiswahili kule, na bando haihitajiki.

Ndugu wa mashirika, endeleeni kutuletea kompyuta za zamani, tutazitumia. Ila futeni disko kwanza, na kufomati kwa haraka hakutoshi, juu mafaili bado yanaweza kurudishwa. Na wewe kijana uliye na kompyuta imelala chini ya kitanda, ilete. Kwanza tutaangalia pamoja ina nini ndani, ndipo tuiunganishe.