Ngome Iliyobadili Kazi



Ukifika Mombasa, usiridhike na kutazama bahari kutoka ufukweni. Ingia Ngome ya Yesu alasiri, jua linapopungua makali. Mimi niliingia humo na walimu wenzangu kutoka Uganda. Tulivuka mpaka kwa vitambulisho vya taifa tu, haki ambayo raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanayo tangu mwaka 2014.

Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Waomani waliiteka mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Waingereza wakaigeuza jela. Mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Humo utaona vyombo vya kauri kutoka China na vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu Santo António de Tanna, iliyozama hapo mwaka 1697. Lakini usiupite haraka ukuta wenye michoro. Wareno waliokuwa wakilinda ngome walichora humo merikebu, samaki na watu, kwa rangi nyeusi na nyekundu. Mikono iliyoshika silaha ndiyo iliyochora.

Mwenzangu mmoja alisimama mbele ya ukuta huo kwa muda mrefu. Bibi yake hakuruhusu Kiswahili kisemwe nyumbani, kwa kuwa alikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, vinywani mwa askari waliopiga na kupora. Nawe pengine umeambiwa kwamba hii ni lugha ya bunduki. Usimbeze mzee akuambiaye hivyo, anasimulia aliyoyaona.

Hata hivyo, kuta zilizofungia watu leo zinafundisha. Hazikubomolewa, wala historia yake haikufichwa. Lugha nayo haichagui mdomo wa kuisema; wasemaji ndio huipa kazi. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Sheria hiyo peke yake haiwezi kumwondolea bibi hofu. Wewe unaweza, ukimwamkia kwa Kiswahili cha adabu, kisicho na amri ndani yake.

Kazi yako ya wiki hii ni hii: muulize mzee mmoja ni wapi alikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza. Msikilize hadi mwisho, ndipo uandike.