Chupa za Gololi

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutazama chupa. Niliajiriwa nikiwa kijana katika kiwanda cha soda hapa Mombasa, nikawekwa mwisho wa mashine ya kuoshea, pale chupa zinapopita moja moja mbele ya taa nyeupe. Nilitakiwa kutoa iliyo na ufa, iliyomeguka mdomo, au iliyobaki na uchafu ambao maji ya moto na magadi makali yameshindwa kuutoa. Watu walitia kila kitu katika chupa za soda, mafuta ya taa, asali, dawa ya mende, kisha wakazirudisha dukani wapewe soda nyingine. Hatukuachwa pale kwa muda mrefu. Tulipokezana, maana macho yakichoka chupa mbovu hupita mbele yako na usiione.

Kazi ile ndiyo iliyonifundisha kusoma kioo. Mtu wa kawaida akishika chupa hutazama jina, mimi hutazama kitako kwanza, kwa sababu huko ndiko mtengeneza chupa anakoacha alama yake na namba ya kalibu. Halafu naufuata mshono kwa ukucha. Ukipanda ubavuni na kupita juu ya mdomo, chupa imetoka mashine nzima, na mashine za namna hiyo zilianza kwa Michael Owens huko Marekani mwaka 1903. Ukikatika chini ya mdomo, basi mdomo ule ulimaliziwa kwa mkono, na mara nyingi chupa hiyo ni kongwe zaidi.

Ndiyo maana fundi mwashi mmoja wa mtaani kwetu, alipokuwa akifukua kisima kilichozibwa katika nyumba ya Mji wa Kale, alipata kitu akasema hiki ni cha yule wa chupa. Aliniletea chupa nzito ya kioo cha kijani hafifu, shingo imebanwa kwa ndani, na humo shingoni mna gololi ya kioo iliyokuwa ikigonga kila nikiigeuza. Ubavuni palitokeza mchoro wa mnazi, jina lililolika nusu, na chini yake neno MOMBASA bado kali kwa kidole. Kitakoni niliweza kusoma neno moja tu, BARNSLEY.

Chupa ya gololi ni kazi ya Mwingereza Hiram Codd, aliyeikamilisha mwaka 1872. Kabla yake soda ilizibwa kwa kizibo cha gome, nacho kikikauka hupungua, gesi ikatoka. Kwa hiyo chupa nyingine zilifanywa na kitako cha mviringo makusudi zisiweze kusimama, zilazwe ubavu, kizibo kibaki kimelowa. Codd alitumia nguvu ya gesi yenyewe. Ndani ya mdomo kuna mfereji wenye pete ya mpira. Chupa hujazwa ikiwa imepinduliwa kichwa chini, gololi inaangukia kwenye mpira, na chupa ikigeuzwa gesi inaishikilia pale pale. Anayetaka kunywa huisukuma gololi ndani kwa kijiti au kidole. Shingoni kuna vibonyeo viwili vya kuikamata wakati wa kumimina, na mtu asiyevijua huiona gololi ikirudi kuziba kinywaji kila anapoinamisha chupa. Nimeshika mashine nyingi maishani mwangu, na bado naona kifaa kile ni cha akili kubwa kuliko kifuniko cha bati cha meno-meno alichokisajili William Painter wa Baltimore mwaka 1892, ingawa kifuniko ndicho kilichoshinda kwa kuwa ni rahisi na hutupwa.

Barnsley ni mji wa Yorkshire uliojaa viwanda vya kioo. Codd alishirikiana huko na Ben Rylands, kisha na mwanawe Dan. Hataza ya Uingereza siku zile ilidumu miaka 14, na muda wa Codd ulipokwisha kila mtengeneza kioo alikuwa huru kutengeneza chupa ya gololi na kuchora jina la mteja popote duniani. Chupa yangu haikuwa na maneno ya hataza popote. Nikaiweka baada ya muda huo, na kwa hali ya bandari yetu nikaona haiwezi kutangulia sana reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896.

Lakini kioo hakisemi nani alikuwa mwenye soda. Hilo liko katika karatasi. Nilipopata likizo nilipanda basi kwenda Nairobi, kwenye Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, jengo lililokuwa zamani National Bank of India, nikaomba Magazeti Rasmi ya Serikali, yaliyoanza kutolewa mwaka 1899. Matangazo ya alama za biashara yalipangwa kwa madaraja ya Uingereza, na maji ya gesi pamoja na bia ya tangawizi yalikuwa daraja la 44. Nikaacha kusoma mengine yote, nikawa nasaka namba hiyo tu. Sigara, majani ya chai, sabuni, khanga, mafuta ya nywele, kisha 44. Hatimaye nikaukuta mnazi wangu, makuti yale yale, umechapwa mdogo kama stempu, na chini yake jina la mfanyabiashara wa Kihindi na mtaa wake.

Hakuwa peke yake katika biashara hiyo. Alidina Visram, aliyefika Bagamoyo kutoka Kutch mwaka 1863 akiwa mtoto wa miaka 12, na ambaye jina lake limebaki kwenye shule ya sekondari hapa Mombasa, alikuwa na kiwanda cha soda miongoni mwa mashine zake za kukamua mafuta, kuchambua pamba na kupasua mbao. Pamoja naye walikuwapo wadogo, watu wa chumba kimoja, mashine ya kuzungushwa kwa mkono na hamali wa kusukuma mkokoteni. Vitabu vya historia vimemweka Visram. Hao wadogo wamebaki kwenye chupa.

Wajukuu wa mwenye mnazi niliwapata, bado wana duka. Walinipokea vizuri, wakaniomba nisiandike jina la babu yao wala la soda kwa sababu za kifamilia, na ahadi hiyo naitimiza. Walinionyesha daftari la hesabu lililoandikwa kwa Kigujarati, nikamwomba mwalimu mstaafu anisomee. Sukari ilikuwa na mstari wake, na asidi ya ndimu, mitungi ya gesi, pete za mpira. Pete zilinunuliwa mara kwa mara, na sishangai, mpira wa siku zile katika joto letu ungewezaje kudumu? Kulikuwa na safu nzima ya chupa zilizovunjika, kila moja na tarehe yake na pesa zilizokatwa. Halafu mwalimu akafika kwenye mishahara, akasoma, "Maboi wanne, kuosha." Mwezi uliofuata, maboi wanne. Ukurasa baada ya ukurasa ni hivyo hivyo, mpaka daftari likaisha.

Niliondoka pale moyo umenisokota. Chupa iliyovunjika iliandikwa siku yake. Mtu aliyeiosha na kuivunja, akakatwa mshahara, hakuandikwa hata jina. Kazi ile niliijua kwa mikono yangu. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na kadi ya kazi yenye jina.

Tangu hapo nikageuza utafiti wangu. Nilikuwa natafuta chapa, nikaanza kutafuta waoshaji. Nilikwenda Kibokoni na Kuze, kisha Majengo, nikiwa na chupa ndani ya kikapu, maana mzee ukimuuliza kwa maneno hujibu amesahau, lakini ukimpa chupa mkononi kidole gumba chake kinakwenda chenyewe kwenye gololi. Bi mmoja mkongwe alinikalisha barazani akaishika muda mrefu.

"Hii ilikuwa soda ya wageni, mwanangu," akaniambia. "Ikifunguliwa hupiga mlio, jirani wote wajue leo kwa fulani kuna mgeni."

"Na ninyi watoto, Bi?"

"Watoto walizivunja wapate gololi. Ndiyo maana huzioni tena."

Kisha, bila mimi kumuuliza, akasema mjomba wake alikuwa akiosha chupa hizo kwa mchanga na brashi ya makumbi, na alikatika mshipa wa kiganja pale chupa moja ilipopasuka kwa gesi. Akanitajia jina la mjomba, la baba yake, na kwao Jomvu. Niliandika yote pale pale. Lilikuwa jina la kwanza. Mengine yalikuja polepole, kwa watoto na wajukuu, na mara nyingine kwa jirani aliyekumbuka jina la utani tu, nalo pia nikaliandika.

Coca-Cola ilipoanza kuuzwa Kenya mwaka 1948, biashara ya gololi ilikuwa imeshachoka. Kiwanda kikubwa kilikuwa na mashine, na kifuniko cha bati hakidai pete ya mpira wala kijiti. Chupa nyingine zilipondwa, nyingine zikatupwa visimani. Siku hizi wanunuzi wa vitu vya kale wanazitafuta na kutoa pesa nzuri, na mwenye shida huuza bila hata kupiga picha.

Sikatazi mtu kuuza chupa yake. Ninachoomba ni kwamba kabla hujaitoa, uipeleke kwanza kwa mkubwa wa nyumba yenu, umwachie aishike, umuulize nani kwenu aliwahi kuosha, kujaza au kusukuma mkokoteni wa soda. Andika jina kamili, jina la baba yake na alikotoka. Ukikosa pa kulipeleka, lipeleke kwenye makumbusho yaliyo karibu nawe, na uwaombe waliweke pamoja na chupa.