Mizani ya Kura Chache

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo haikawii kumfikia mwanachama aliyeomba udiwani katika kata ya pwani ya Tanga, iwe Moa kwenye mikoko ya kaskazini au Mkwaja kusini ya Pangani, akapungukiwa kura nne au tano katika kura za maoni za chama chake. Humfikia kabla hajanywa chai ya asubuhi. Huambiwa na mzee wa msikitini, huambiwa na shemeji yake, na huambiwa, kwa upole unaouma zaidi, na wapambe wa yule aliyemshinda.

Aliyeshindwa kwa kura mia mbili hulala usingizi. Watu wamemwambia wazi kwamba hawamtaki, naye hurudi kwenye minazi yake na ngalawa yake. Aliyeshindwa kwa kura nne halali, kwa kuwa kura nne zina sura na majina. Huwahesabu usiku kucha: binamu aliyesema yuko safarini Handeni, mama ntilie aliyemchangamkia kupita kiasi, mjumbe aliyeapa bila kuombwa kiapo. Akimaliza watu huanza kuhesabu karatasi: zile zilizosemwa zimeharibika, na lile jina lililosomwa katika daftari la tawi ilhali mwenyewe kazikwa mwaka juzi. Huenda ni kweli. Huenda pia ni uchungu unaotafuta pa kushika.

Hapo ndipo huandika barua ya malalamiko. Wanaoipokea ni wa chama, wanaoipima ni wa chama, na jibu, likija, hutoka katika kikao ambacho yeye hakuingia. Katika CCM mgombea udiwani huteuliwa mwishoni na kikao cha mkoa, na mgombea ubunge na Halmashauri Kuu ya Taifa. Kura za maoni, kama jina lake lisemavyo, ni maoni. Mwaka 2020 kura za walioomba ubunge zilihesabiwa ukumbini mbele ya wajumbe, na wengi wakausifu uwazi ule. Majina yaliporudi kutoka juu, wapo walioongoza ambao hawakuteuliwa. Kawe, Dar es Salaam, aliyeteuliwa hakuwa wa kwanza. Basi hata mshindi wa kura nne hana hakika ya ushindi wake mpaka kikao kiishe.

Watu wa Tanga si wageni wa mashindano yenye hesabu. Pwani hii ndiyo iliyomzaa Shaaban Robert, Vibambani, mwaka 1909; ndiyo pia iliyozisikia Black Star na Lucky Star zikishindana kwa taarabu. Katika malumbano ya washairi kanuni inajulikana: mshororo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Mtu akidai kwamba mpinzani wake amepunguza, hapeleki barua kokote. Hukunja vidole mbele ya watu, silabi baada ya silabi, na wote waliopo barazani hukunja vyao. Zikiwa saba ni saba, na malenga hata awe mkubwa namna gani hawezi kuifanya saba kuwa nane. Aliyeshindwa hapo huondoka na uchungu wa kushindwa, lakini haondoki na shaka. Si bure kwamba mizani ya shairi na mizani ya muuza karafuu ni neno moja.

Mji wa Tanga wenyewe uliuona ubaya wa shaka hiyo baada ya uchaguzi wa 2015. Katika kura ya umeya, mgombea wa CCM alitangazwa kumshinda wa CUF. Madiwani wa CUF wakaikataa hesabu, na halmashauri ya jiji ikaingia katika mgogoro. Ukumbi ulikuwa mmoja na wapiga kura ni watu wanaojuana kwa majina, na bado hesabu ikawashinda kukubaliana.

Thamani ya kura moja haihitaji kuelezwa kwa watu wa visiwani. Chake Chake, ng'ambo ya mkondo wa bahari ukitazama kutoka Tanga, ASP ilishinda kwa kura moja tu katika uchaguzi wa Januari 1961. Kwa kiti hicho ikapata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Wawili wa ZPPP wakaenda upande wa ZNP na mmoja upande wa ASP, ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka uleule, na katika ghasia zilizofuata watu 68 wakapoteza maisha. Chuki ile ilikuwa na mizizi mingi, wala haifai kuibebesha kura moja lawama yote. Inatosha kukumbuka kwamba pengo dogo katika hesabu hupitisha mambo makubwa.

Bara nako lilikuwapo somo. Mwaka 1960, huko Mbulu, TANU ilimteua Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, hakuridhika. Akasimama peke yake, akashinda. Katika viti 71, hicho ndicho pekee kilichomponyoka mteule wa TANU, na hata hicho kilikwenda kwa mwanachama wake. Mlango alioupitia Sarwatt ulifungwa katika mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 haukufunguliwa. Mchungaji Christopher Mtikila aliubisha kwa miaka 20: akashinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba; akashinda tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu mwaka 2010. Juni 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikampa haki. Hata hivyo, Oktoba 2025 wapiga kura hawakumwona mgombea binafsi katika karatasi zao.

Kutoka Tanga mjini hadi mpaka wa Horohoro ni kilomita 65. Ng'ambo yake ni Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale, kwa Wadigo walewale na minazi ileile. Huko Katiba ya 2010 humruhusu mtu kusimama bila chama, ilimradi awe hakuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Na Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 iliweka jopo la kusikiliza mizozo ya vyama. Teuzi za Kenya nazo zimekuwa na vurugu zake, lakini mwenye kupungukiwa kura nne ana mahali pa kukunja vidole mbele ya mtu asiye wa chama chake. Wakenya humwita mgombea huru. Watanzania humwita mgombea binafsi, kana kwamba haja yake ni ya nyumbani kwake tu.

Mwenye barua, huku Mkinga au Pangani, angali anangoja. Ijumaa atasimama safu moja na aliyemshinda. Mmoja akifiwa, mwingine atalichukua jeneza. Hesabu ya gizani huwadhuru watu wa namna hii kuliko wengine, kwa kuwa hawana pa kukimbiana.

Methali ni ya kweli. Lakini hukubali yule aliyeonyeshwa. Asiyeonyeshwa amenyamaza tu. Wazee wanaomhimiza akubali wangemfaa zaidi kama wangekwenda naye, wao na mshindi wake, wakaomba karatasi zihesabiwe tena mchana, mbele ya watu. Zikitoka nne zilezile, hatakuwa na haja ya kuambiwa methali.